Msimbo Mbovu Haupigi Kelele

Kijana wa Bumula anayetaka kujifunza usalama wa kompyuta bila kwenda chuo hakosi vitabu. Hilo lilikuwa tatizo la kizazi kilichomtangulia. Leo kitabu kinene cha Menezes, van Oorschot na Vanstone kuhusu usimbaji fiche, kilichotoka mwaka 1996 na ambacho bado kinaheshimika, kinapakuliwa bure kihalali. Kozi ya Dan Boneh wa Chuo Kikuu cha Stanford imekuwa wazi kwa dunia nzima tangu 2012. Na simu ya bei ya chini ina nguvu za kutosha kuendesha lugha ya programu ya Python. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba amekosea. Katika masomo mengi upungufu huo unavumilika. Katika somo hili ni hatari, kwa sababu msimbo mbovu hufanya kazi vizuri kama msimbo mzuri mpaka siku adui atakapofika. Ndiyo maana ninashikilia kwamba anayejifundisha mwenyewe aanze kwa kuvunja, kujenga kufuate, na avunje vile tu ambavyo jibu lake linaweza kuhakikiwa. Wengi wetu tunashauriana kinyume: pakua zana, jifunze amri kumi, tengeneza programu yako, utafute cheti.

Nieleze kwa nini nasema kosa la somo hili ni la kimya. Mkulima wa Khasoko akipanda mbegu iliyooza, shamba humweleza kabla ya mwezi kwisha. Anayejifunza kuandika programu naye ana hakimu wake: akisahau mabano, kompyuta inagoma na kumwonyesha mstari wenye kosa. Anayejifunza kusimba hana hakimu wa aina hiyo. Anaandika programu, anaingiza neno, linatoka vurugu la herufi lisilosomeka. Anageuza, neno linarudi salama. Anafurahi. Lakini vurugu la msimbo dhaifu na vurugu la msimbo imara, kwa macho ya binadamu, havitofautiani. Jaribio alilofanya limethibitisha kwamba mwenye ufunguo anaweza kufungua. Halijasema lolote kuhusu asiye na ufunguo, na ni kwa ajili ya huyo kazi yote ilifanywa.

Mfano wake unafanyika kwa kalamu na karatasi. Mfumo wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, una funguo mbili: mmoja wa wazi, ambao yeyote anaweza kuutumia kufunga ujumbe, na mmoja wa siri wa kuufungua. Chukua namba tasa mbili ndogo, 3 na 11. Zao lake ni 33. Ufunguo wa wazi uwe 3, wa siri uwe 7, na ujumbe uwe 4. Sasa 4 × 4 × 4 ni 64. Gawanya kwa 33, baki ni 31. Hiyo 31 ndiyo inayosafiri. Mpokeaji anaipandisha hadi kipeo cha 7, anapata 27,512,614,111, anagawanya kwa 33, na baki ni 4, ujumbe uleule. Weka badala ya 3 na 11 namba tasa zenye tarakimu mia tatu kila moja, na hakuna njia inayojulikana hadharani ya kuzipata kutoka kwenye zao lao kwa kompyuta zilizopo leo. Mwanafunzi wetu akifika hapo anaona ameshika silaha, na anaamua kuitumia kuficha nambari za siri za wateja wa duka fulani, za tarakimu nne nne. Programu inafanya kazi. Majaribio yote yanafaulu. Adui naye hana haja ya kusumbuka na namba tasa hata moja: ufunguo wa kufungia uko wazi, nambari za siri kutoka 0000 hadi 9999 ni 10,000 tu, anazifunga zote moja baada ya nyingine na kulinganisha na alichokinasa. Kompyuta ya kawaida haimalizi dakika.

Hisabati ya RSA haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwamba ujumbe uleule, kwa ufunguo uleule, ulitoa jibu lilelile kila mara. Shafi Goldwasser na Silvio Micali walilieleza jambo hili kwa uthabiti mwaka 1982: msimbo wa ufunguo wa wazi usio na chembe ya bahati nasibu ndani yake hauwezi kuitwa salama. Mwaka 1994 Mihir Bellare na Phillip Rogaway wakatoa utaratibu wa kuchanganya ujumbe na namba za nasibu kabla ya RSA kuugusa. Haya yote yameandikwa. Lakini aliyejifunza kwa kujenga tu anaweza kupita miaka bila kuyatafuta, maana hakuna kilichomuuma. Aliyeanza kwa kupewa nambari iliyofichwa kwa njia hiyo mbovu na kuambiwa aitafute, akaipata jioni ileile, hatalisahau kosa hilo, na kila atakapoona mfumo mwingine atauliza kwanza: nikituma kitu kilekile mara mbili, nini kitatokea?

Swali hilo linajibiwa vizuri sana na kifaa kilichopigiliwa kwenye kuta za nyumba nyingi za Bumula, Bungoma mjini na Kitale. Mita ya stima ya kulipia kabla haina waya wa mawasiliano na Kenya Power. Unatuma pesa kwa 888880, unapata tokeni ya tarakimu ishirini, unaibonyeza, taa inawaka. Mita imejuaje kwamba umelipa? Ndani ya tarakimu zile ishirini mna biti 66, na sehemu kubwa yake imesimbwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake: kiasi cha umeme, namba ndogo ya nasibu, alama za kuhakiki, na muda. Muda huo huhesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Ukinunua stima ya shilingi mia leo na ya shilingi mia kesho, tokeni hazitafanana hata kidogo, na mita hukumbuka zile ilizokwisha kuzipokea, kwa hiyo jirani akiinakili yako kutoka kwenye karatasi uliyotupa hapati kitu. Nafasi ya muda ina biti 24, yaani dakika 16,777,216, ambazo hazifiki miaka 32. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka huo Kenya Power iliwatumia wateja nambari za ziada waziingize kwenye mita kabla ya tokeni ya kawaida; zilikuwa za kuweka ufunguo mpya na kuanzisha hesabu ya muda upya. Mamilioni ya watu Afrika nzima walifanya badiliko la funguo za usimbaji kwa vidole vyao wenyewe, na sioni kama tulilitumia darasani inavyostahili. Mwalimu wa kompyuta anayetafuta somo la kwanza asiende mbali: awaulize wanafunzi kwa nini tarakimu ni ishirini na si kumi na tano, awaache wapige hesabu ya 2 hadi kipeo cha 66 na 10 hadi kipeo cha 20.

Historia yenyewe ya Kenya ina ushahidi wa upande wa pili, wa nini hutokea ujumbe unaporudiwa. Mwaka 1942 kikosi cha Waingereza kilichokuwa kikinasa na kuvunja misimbo ya Japani kilihamishiwa Mombasa kutoka Colombo, kikawekwa katika shule ya Allidina Visram. Huko walipambana na msimbo wa meli za biashara ulioitwa JN-40, ambao ulidhaniwa kuwa kitabu cha maneno ya siri kilichofunikwa kwa tarakimu za ziada. Kisha mtuma ujumbe mmoja wa Kijapani akasahau kutaja mahali ilipo meli, na badala ya kuandika upya akatuma ujumbe uleule ukiwa na maelezo yaliyokosekana. John MacInnes na Brian Townend waliziweka nakala hizo mbili pamoja wakaona mfumo ulivyojengwa: ulikuwa msimbo wa kupangua na kuhamisha nafasi za tarakimu. Muda si mrefu taarifa za meli hizo zikawa zinasomwa Mombasa. Aliyeutuma hakujua. Hakuna kengele iliyolia kule Japani, ujumbe ulifika, nahodha akauelewa, kila kitu kikaonekana sawa. Ni kosa lilelile la mwanafunzi wetu na nambari zake za siri.

Hapo ndipo ninapopingana na ushauri wa kuanza na zana. Vijana wengi huingia somo hili kwa kupakua mfumo wa Linux uliojaa programu za kushambulia, kisha wanafuata video ya dakika kumi na tano. Zana hizo ni halali na wataalamu wanazitumia kila siku. Lakini zana inayokuletea jibu bila wewe kujua swali haikufundishi kutambua kosa la kimya; inakufundisha kutambua makosa ambayo mtu mwingine alikwisha kuyatambua. Kuna pia hatari ya sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inafanya kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Haisubiri uibe. Kuikagua seva ya shule jirani ili uone kama imefungwa vizuri, bila barua ya mwalimu mkuu, kunaweza kukufikisha kortini, na kusema ulikuwa unajifunza si kinga. Anayetaka kuvunja ana viwanja vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo: CryptoHack kwa misimbo, OverTheWire kwa mifumo ya Linux, na picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyoandaliwa kwa wanafunzi wa sekondari. Uzuri wa viwanja hivyo ni kwamba ukipata jibu unajua umepata, na usipolipata hakuna wa kukusifu bure. Huyo ndiye hakimu niliyesema anakosekana.

Wapo wanaodhani usalama ni kuficha jinsi kitu kinavyofanya kazi. Auguste Kerckhoffs alipinga hilo mwaka 1883: mfumo uwe imara hata adui akiujua wote, mradi tu asiujue ufunguo. Aliyetaka ushahidi wa karibu na mfuko wake aliupata mwaka 1998. Laini za simu za GSM zilikuwa zikijitambulisha kwa mtandao kwa algoriti iliyoitwa COMP128, iliyotunzwa kama siri ya kampuni. Ilipovuja, Ian Goldberg na David Wagner, wakiwa wanafunzi Berkeley, waliivunja kwa muda mfupi mno kiasi kwamba laini ingeweza kunakiliwa na mtu aliyekuwa nayo mkononi kwa saa chache. Miaka yote ya usiri ilikuwa imewanyima wajenzi wake wakosoaji. AES, ambayo inalinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya leo, ilipatikana kwa njia iliyo kinyume kabisa: shindano la hadharani lililoitishwa na taasisi ya viwango ya Marekani, wataalamu wa dunia nzima wakishambuliana, mpaka Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen wakashinda mwaka 2000. Bruce Schneier ameandika mara nyingi kwamba mtu yeyote anaweza kubuni msimbo ambao yeye mwenyewe hawezi kuuvunja. Hiyo inamhusu fundi wa Bungoma na inamhusu profesa wa Stanford. Tofauti ni kwamba profesa ana wenzake watano mlango wa pili wa kumwonyesha alipoteleza.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote halitoki kwa wapenda zana. Linatoka kwa watu wenye akili timamu wanaosema: wizi tunaouona hauhusiani na namba tasa. Mama anapigiwa simu na mtu anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu, anatoa nambari yake, laini inahamishwa, akaunti inakaushwa. Julai 2023 eCitizen ililemewa na mafuriko ya maombi bandia, huduma za serikali zikakwama, na hakuna msimbo uliovunjwa. Basi kwa nini kumsumbua kijana na hesabu za baki? Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo, tena nina shahidi wa kuiongezea uzito. Ross Anderson wa Cambridge alichunguza wizi wa mashine za kutolea pesa na kuchapisha matokeo mwaka 1993: kwa sehemu kubwa haukutokana na kuvunjwa kwa misimbo bali na makosa ya utekelezaji na uongozi mbovu. Mfumo wa tokeni za stima nao umeonyesha vivyo hivyo kwao ulikozaliwa, Afrika Kusini. Eskom, kampuni ya umeme ya huko, imehangaika kwa miaka na tokeni za magendo zilizozalishwa kwa mashine za mauzo zilizoibwa, na misimbo ikiwa haina jeraha.

Lakini Anderson alijuaje kwamba msimbo haukuwa mlango wa mwizi? Kwa sababu aliuelewa. Asiyejua msimbo unalinda nini hawezi kuonyesha mahali ulinzi unapoishia. Nambari ya siri ya tarakimu nne ni dhaifu mno kihesabu, tumeona, na bado hutosha kwenye simu kwa kuwa mfumo unakufungia baada ya kukosea mara chache. Hiyo ina maana nguvu yote iko kwenye kufungia, na anayepata njia ya kujaribu bila kuhesabiwa, au ya kumfanya mhudumu ahamishe laini, ameshinda. Mtu aliyepiga hesabu ya nambari 10,000 kwa mkono wake anaona mara moja kwamba dirisha la mhudumu ni sehemu ya ulinzi na linahitaji utaratibu wake. Aliyekariri ushauri wa kutumia nenosiri gumu haoni.

Kuhusu ugumu wa hesabu nitasema kwa ufupi, maana woga huu umekuzwa kupita kiasi. Kidato cha kwanza cha mtaala wa 8-4-4 kilifundisha namba tasa na kigawo kikubwa cha shirika. Vidato vya juu vikaongeza matriki na uwezekano. Ongeza hesabu za baki, ambazo anayesoma saa ukutani tayari anazifanya, na una karibu kila kitu kinachohitajika kuielewa RSA. Mbele zaidi mna mambo magumu kweli, ila hayo humpata aliyekwisha kupenda. Kilicho kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni Kiingereza cha vitabu hivyo, kilichoandikwa na watu wasiomwazia msomaji wa lugha ya tatu, na hapo wenye ujuzi wanaoandika kwa Kiswahili wana kazi inayowasubiri.

Nipendekeze basi mpangilio. Miezi ya kwanza iwe ya kuvunja misimbo ya kale kwa kalamu, kuanzia ule wa Kaisari, kwa kuhesabu marudio ya herufi kama alivyoeleza al-Kindi huko Baghdad katika karne ya 9. Na hesabu hizo zifanywe kwa matini ya Kiswahili, ambako a hutawala kuliko herufi nyingine yoyote, siyo e kama kwa Waingereza. Kisha Python, ambayo hushughulikia namba kubwa bila msaada wa ziada, na RSA ndogo kama ile ya 33, halafu mazoezi ya CryptoHack. Katika kipindi hicho chote msomaji asiandike msimbo wake mwenyewe kwa matumizi ya mtu mwingine, hata akiombwa na rafiki mwenye duka. Awe na daftari, na kwa kila zoezi aandike kosa lililomwezesha kuvunja, kwa sentensi zake mwenyewe. Asiyeweza kulieleza kosa hajalielewa, hata kama jibu lilikubaliwa.

Daftari hilo linahitaji msomaji wa pili, na hili halihitaji bajeti ya kutisha. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko karibu na Bungoma mjini na kina walimu wa kompyuta na wa hisabati; Kitale kuna chuo cha kitaifa cha ufundi anuwai. Alasiri moja ya Jumamosi kila mwezi, mhadhiri mmoja, chumba kimoja, na yeyote mwenye daftari aruhusiwe kuingia bila kuulizwa kitambulisho cha mwanafunzi. Kazi ya mhadhiri si kufundisha. Akae, asome ukurasa, aulize mbona umeamini hapa. Wenzake wasikilize na washambulie pia. Vyeti vya kimataifa vinavyolipiwa kwa dola vitafutwe baadaye na wanaotafuta ajira, ambako vina manufaa yake. Haviwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo hayo. Ukaguzi wa mifumo halisi nao usianze mpaka kuwe na barua ya idhini iliyotiwa saini, na ingefaa vyama vya akiba na mikopo na shule za kaunti ziwe na nakala ya barua kama hiyo tayari, ikitaja kompyuta zipi zikaguliwe, kwa siku zipi, na ripoti apewe nani.